Mapigo Elfu Tatu ya Mama Daktilo

Mama Daktilo alikuwa na vidole kumi, kama mimi na kama wewe. Nilivihesabu mara mbili, maana kila kitu ninakihesabu mara mbili, na mara zote nilipata kumi. Vilivyokuwa vinafanya kazi ni hesabu nyingine. Ugonjwa wa maungo ulikuwa umevilaza vyote upande mmoja, kama shamba la mahindi baada ya mvua ya mawe, na visimame tena wapi! Yeye akaamua kwamba waliogoma ni vidole, yeye hajagoma. Akaendelea kuwa daktilo wa Majengo, yaani mwandishi wa mashine wa mtaa wetu hapa Goma, na barua zilizotoka mikononi mwake ni nyingi kuliko majibu yaliyotoka katika ofisi zote zilizozipokea.

Sitasema alizaliwa wapi wala na nani. Sikuwapo, na mzigo ambao sikuufungua mwenyewe siusifii. Nilichokiona ni hiki: kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkano, meza moja, ordinateri moja, yaani kompyuta, benchi la wateja, na yeye katikati kama hakimu. Mimi nilikuwa nauza ordinateri zilizokwisha kutumika, nzima au vipande vipande. Duka langu lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwake, au wa nne ukimhesabu kinyozi, ambaye mimi simhesabu kwa sababu hana mlango, ana pazia.

Mara ya kwanza aliingia kwangu kutafuta klavye, kile kibao cha herufi. Kitenge cha kijani, mikono imefichwa ndani ya kikapu kama mtu aliyebeba vifaranga. Nikamwekea mbele klavye ndogo, nyepesi, niliyoisugua kwa mswaki asubuhi ile.

"Hii, mama, ni mpya kabisa."

"Mupya ya mwaka gani?" akauliza.

Kisha akatoa mikono kikapuni. Kwenye kila kiganja palikuwa pamefungwa kijiti cha mkaratusi, urefu wa kijiko, kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la pikipiki. Ncha zilivishwa raba. Ilikuwa kazi ya fundi wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zinazobeba magunia. Ubao uleule, raba ileile anayovisha magurudumu. Ndiyo maana mtaani walisema Mama Daktilo anaendesha chukudu juu ya klavye.

Aligonga vitufe vyote, kimoja kimoja. To. To. To. Nikawa nahesabu naye kimoyomoyo.

"Papa, hii haina namba upande wa kuume."

"Namba ziko juu, mama, zinakuangalia."

"Za juu zinaomba vitufe mbili. Unafinya ya pembeni, halafu njo unafinya namba. Ata nukta, vitufe mbili. Mi niko na mikono ya kuhesabiwa."

Nilikuwa nimeuza klavye za Kifaransa miaka sita bila kuliona hilo. Kweli kabisa: mkato ni kitufe kimoja, nukta ni viwili. Aliyeliona ni yule ambaye kila kitufe kinamuuma.

Akaenda mlangoni akaokota kwa vijiti klavye kubwa, nzito, ya njano kwa uzee, ambayo nilikuwa nimeitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Vitufe mia moja na vitano; cha nukta upande wa namba kimekufa. Nikataja bei. Hakujibu, akaanza kugonga tena kutoka mwanzo. Alipofika kitufe cha sitini nilikuwa nimeshashuka mara mbili, na yeye hajasema neno. Nimebishana na watu wa Butembo, watu wanaoweza kukuuzia kivuli chako na kukudai cha mchana na cha jioni. Sijawahi kushindwa na mtu aliyenyamaza.

"Na mulango wangu je?" nikamlalamikia akitoka.

"Goma hii, papa, unakosa jiwe?"

*

Mikono yake, alisema, inampa mapigo elfu tatu kwa siku. Hilo hakuambiwa na daktari. "Daktari alinipa dawa na shauri. Dawa nilimeza. Shauri nilimurudishia, ilikuwa ya kupumuzika." Elfu tatu aliijua kwa maumivu: ukigonga vitufe elfu tatu, mikono inalalamika lakini inalala, ukizidisha, inavimba, na kesho inakupa elfu moja tu, na kesho kutwa inakupa matusi. Asubuhi za mvua, baridi ikishuka kutoka mlimani, aliketi akainua viganja juu ya klavye bila kugusa, akasikiliza, kisha akatangaza kama redio inavyotangaza hali ya hewa:

"Leo iko elfu mbili na mia tano. Mwenye barua murefu arudi kesho. Mwenye hasira mufupi abakie."

Mimi nilidhani najua kuhesabu. Kumbe nilikuwa nahesabu vitu vilivyolala tu dukani. Yeye alihesabu mwili wake ukiwa unakimbia.

Kwa sababu ya uchumi huo barua zake zilijulikana mji mzima. Hazikuwa na nukta. Mkato, mkato, mkato, sentensi moja inaondoka Goma kama lori la Rutshuru, inapakia kila anayesimama njiani, na nukta unaikuta mwisho wa ukurasa, moja, imechoka. Karani mmoja wa mjini alimrudishia barua akisema hakupata mahali pa kuvuta pumzi. Akamjibu, kwa mdomo: "Avute kwa mukato."

Na hapo ndipo ulipokuwa ukinzani wake. Mtu aliyehesabu kila kitufe hakuhesabu maneno ya mdomo hata siku moja. Ukienda kwake na jambo la mistari mitatu, unatoka baada ya saa mbili, umepewa habari za askofu, za bei ya sambaza, samaki wetu wadogo, na za mguu wa jirani. "Mudomo hauna rimatisme," alisema, yaani ule ugonjwa wa maungo. Alikubali kufungwa viatu na yeyote, hata mteja, hata mimi; lakini ukigusa klavye yake alikupiga kijiti cha mkono. Alikuwa na huruma kwa aliyepotelewa na nyumba, na hakuwa na huruma hata kidogo kwa aliyeandika jina la Mungu kwa herufi ndogo. Mashine aliifundisha ikumbuke kitufe cha herufi kubwa: anakigonga kwanza, mashine inangoja, halafu anagonga herufi. Mapigo mawili kwa Mungu aliyatoa bila kunung'unika. Kwa gavana alifikiri kwanza.

*

Siri yake kubwa ilikuwa orodha.

Ndani ya ordinateri kuna mahali unapoiambia: nikigonga herufi hizi, wewe andika maneno yale. Watu wengine hawajui hata kama pako. Yeye alipajaza kwa miaka tisa. Aligonga jh na kile kitufe kirefu cha nafasi, na ekra, kile kioo cha mashine, ikatema ile sentensi yote ya Kifaransa, ya heshima na unyenyekevu, ambayo bila hiyo hakuna ofisi inayofungua bahasha yako. Aligonga nd, likatoka tangazo la ndoa. Aligonga sk, ikatoka barua ya kumwomba mkuu wa shule avumilie. Mapigo matatu, ukurasa umejaa.

Wateja walisimama nyuma yake kutazama. Ilikuwa sinema ya bure. "Ongeza ingine, Mama Daktilo!" walipiga kelele, na yeye akajifanya hakusikia, akagonga, ekra ikajaa, benchi likapiga makofi.

Alikuwa na sheria: herufi mbili ni za maneno ya kila juma, herufi moja ni ya maneno ya kila siku. Herufi moja haipewi hovyo, alisema, ni kama kiti cha mbele kanisani.

Basi mtaa ukaiba orodha. Mama anayeuza maharagwe ya Kiwanja akikutana na mkubwa fulani anapiga goti kidogo, anasema, "Jh, chef," na kuendelea na safari. Mwendesha pikipiki akichelewa nyumbani anamtumia mke wake ujumbe: sk. Yaani vumilia. Mwenyewe Mama Daktilo alichukia jambo hilo kuliko umeme unaokatika.

"Jh, Mama Daktilo," nilimwambia siku moja.

"Unaumwa mudomo?"

"Hapana, mama."

"Basi nisalimie muzima. Ufupi ni wa mikono. Mwenye mudomo ya bure na anasalimia nusu, huyo ni muchoyo."

Nikamsalimia yeye mzima, na watoto wake, na benchi lote.

Mimi aliniita Papa Mara-Mbili. Nikipokea karatasi kwake nilihesabu mistari, mara mbili, nikaondoka nimeridhika. Siku moja aliniandikia tangazo la duka, na katikati akaweka kwa makusudi: muuzaji ni mgumu kama jiwe na ana maneno mengi. Nilihesabu mistari, kumi na miwili, kumi na miwili, sawa. Nikalibandika mlangoni. Lilikaa siku nne. Kinyozi ndiye aliyenisomea.

"Weye unahesabu tu," Mama Daktilo alicheka mpaka vijiti vikalegea. "Hausome. Kuhesabu si kusoma, papa."

Neno hilo ningelishika siku ile, ningejiokoa.

*

Vita vilipoteremka tena barabara ya kaskazini, watu waliingia Goma na magodoro kichwani. Walitoka Rutshuru, Kiwanja, Kalengera, vijiji ambavyo mama wa maharagwe alivitaja kwa majina ya magunia yake. Wengi walikuja bila karatasi. Na hapa kwetu mtu bila karatasi ni mgeni hata kwa kivuli chake: hapiti kizuizi, hapokei msaada, haandikishi mtoto shule. Lazima kwanza apate ushahidi kwamba alikuwa na kitambulisho na kimepotea. Karatasi ya kusema huna karatasi.

Mama Daktilo akatengeneza ap. Mapigo matatu, na ushahidi wote wa kupotelewa ukatoka, na nafasi za jina, kijiji na tarehe. Akibaki na kuongeza hayo tu, mapigo mia moja kwa mtu. Nilimpigia hesabu: watu thelathini kwa siku. Kwa kuandika herufi kwa herufi, kila karatasi ingekula mapigo elfu moja na mia mbili: watu wawili na nusu kwa siku, na hakuna ofisi inayopokea nusu mtu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya orodha. Ikiwapo, Mama Daktilo alikuwa ofisi nzima. Ikipotea, alikuwa mama wa kukaa kwenye kiti akiangalia mikono yake.

Siku milio ya risasi ilipokaribia mji, ndugu zake wa upande wa Bukavu walimpandisha boti. Mikono ile haibebi kasha la ordinateri. Akaniletea mimi, likisukumwa juu ya chukudu, kama mgonjwa.

"Papa Mara-Mbili, nakuachia kichwa yangu. Usiiguse. Uifiche tu."

"Mama, hata risasi itaomba ruhusa."

Na niliificha, naapa. Niliingiza kasha ndani ya gunia la makala, yale makaa ya kupikia, makala chini, makala juu, nikalikalia. Wenye bunduki walikuja, wanne, nikawahesabu tena, wanne.

"Mu mufuko kuko nini?"

"Makala, wakubwa wangu."

"Na wewe unauza makala mu duka ya ordinateri?"

"Ordinateri haziivishe sombe, mukubwa."

Mmoja akacheka. Aliyecheka ameshaingia biashara. Nikawapa ekra mbili nzuri za kuangalia, zilizokufa tangu mwaka uliopita, wakachukua na redio yangu. Nikabishana mpaka wakaniachia betri za redio. Walipoondoka niliendelea kulikalia gunia mpaka giza likaingia. Kichwa cha Mama Daktilo kilikuwa salama.

Kama ningekomea hapo, leo mngenisoma kama shujaa.

Mji ulipotulia, nilitoa kasha. Vumbi la makala limejaa kila tundu. Nikalifungua, nikalipangusa, nikaliwasha: linapumua kama mzee anayepanda ngazi. Nikajiambia, mama wa watu anarudi, nitamfanyia zawadi. Nitalisafisha ndani kabisa, nifute kila kitu, niweke upya, liruke kama swala. Mimi si mjinga; kwanza nikatoa nakala ya kazi zake zote. Barua, matangazo, ushahidi. Faili elfu nne mia moja na sita. Nikafuta. Nikaweka upya. Nikarudisha. Nikahesabu: elfu nne mia moja na sita. Mara ya pili: elfu nne mia moja na sita. Nikalala kama mtoto mchanga.

Akarudi na boti ya Alhamisi. Kabla ya kwenda kwake, akaja kwa mashine. Kwenye benchi alikuwepo tayari mama mmoja wa Kalengera, kitambulisho chake kimeungua pamoja na nyumba, amemngoja siku tano. Mama Daktilo akafunga vijiti, akaketi, akaipuliza klavye, akatabasamu.

Ap. Nafasi.

Ekra ikaonyesha: ap.

Akagonga tena. Ap ikabaki ap. Herufi mbili, peke yao, kwenye ukurasa mweupe, kama mbuzi wawili kwenye uwanja wa ndege.

"Papa Mara-Mbili," akasema taratibu. "Ulifanya nini?"

"Faili zote ziko, mama! Elfu nne mia moja na sita, nilihesabu mara..."

"Orodha haiko faili. Orodha inakaa mu mashine yenyewe. Na faili ziko na namba tu, mi nitafungua elfu nne kutafuta moja?"

Yeye hakupiga kelele. Alimgeukia mama wa Kalengera: "Jina, mama?" Na akaanza kuandika ushahidi wote, herufi kwa herufi, kutoka kichwani. To. To. To. Nikasimama pale nikahesabu, maana sikujua kufanya kitu kingine. Elfu moja mia mbili na thelathini na nane. Mama wa Kalengera aliondoka na karatasi yake akiishika kwa mikono miwili. Mama Daktilo alifungua vijiti kwa meno. Siku tatu kibanda hakikufunguliwa.

*

Siku ya pili nilikwenda kwa mama wa maharagwe.

"Mama, ile jh unayosalimia nayo wakubwa. Unajua inasema nini yote?"

"Mi siyajuwe yote. Lakini barua niko nayo, ile ya choo ya soko. Leo mwaka ya tatu, na choo haijakuja, barua iko bado mupya."

Akaitoa chini ya kitambaa cha magunia. Sentensi yote ya heshima ilikuwepo, na mikato yake yote.

Nikaona mwanga. Watu waliokuwa wakitazama ile sinema ya bure walikuwa wamekariri herufi. Na karatasi zilikuwa ndani ya masanduku yao. Nikazunguka Majengo na kipande cha katoni na kalamu. Mwalimu wa katekisimu alileta nd na matangazo ya ndoa ishirini, mengine ya ndoa zilizokwisha kuvunjika. Mwendesha pikipiki aliapa anajua herufi hamsini. Alijua nne, lakini moja ilikuwa ya barua ya mapenzi ambayo sikujua kama Mama Daktilo anaandika. Wawili walitaka kupigana kwa sababu ya kl, mmoja akisema ni ya kilio, mwingine akisema ni ya malalamiko, mpaka kila mmoja akaleta karatasi yake na tukagundua mmoja amekuwa akipeleka tangazo la msiba kwa kampuni ya maji. Mimi nilibishana na kila mtu. Wengine walitaka kitu. Niliwapa waya, niliwapa betri zangu za redio, niliwapa ahadi. Mama wa Kalengera alikuja mwenyewe kwa miguu na karatasi yake ile ya thamani, akasema, "Nakilini, lakini nisiitoe mukononi." Nikainakili akiwa ameishika.

Siku ya nne nilibisha hodi kibandani na katoni kumi na saba. Akazitazama. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto, imevimba kama mikate.

"Umenisamehe, mama?"

"Keti. Andika."

Niliandika orodha upya kwenye mashine siku kumi na moja, yeye akinisomea makosa. "Vidole kumi, na unaandika kama kuku mbili ziko zinagombana." "Mukato, papa, mukato, unaacha mutu azame?" Kila asubuhi nikamuuliza kama amenisamehe; kila asubuhi: "Andika." Siku ya mwisho niliandika neno la mwisho, nikahesabu kwenye katoni: mia tatu na kumi na moja. Nikaenda kula maharagwe. Niliporudi alikuwa ameketi mbali na klavye, anatazama barabarani kwa unyofu wa mtu aliyelamba sukari.

Kesho yake nikahesabu kwenye ekra, nikifuata mistari kwa kidole. Mia tatu na kumi na mbili.

"Mama, imezidi moja."

"Labda imezaa."

"Nihesabu tena."

"Toka kwa kiti yangu. Kuko wateja."

Na tangu siku hiyo vidole vyangu vilipigwa marufuku kwenye mashine ile. Mia tatu kumi na moja, mia tatu kumi na mbili. Ndiyo mara ya kwanza maishani hesabu zangu mbili zilikataa kusalimiana. Iliniwasha kama kiroboto.

Nikaendelea kumwuliza. Nikipita mbele ya kibanda nasimama mlangoni, upande wa nyuma ya ekra: "Mama Daktilo, ile ya makala, umenisamehe?" Hajibu. Anagonga klavye mara mbili, to-to, kama mtu anayefukuza kuku, na wateja waliosimama nyuma yake wanacheka. Naondoka. Nilijua wananicheka mimi, na niliona ni haki yao.

*

Miaka imekwenda. Vita vimekuja na kuondoka na kurudi, mpaka hata mimi nimeacha kuvihesabu mara ya pili. Watu wa kaskazini wamekwenda kwao na kurudi tena na magodoro yaleyale. Ap imefanya kazi.

Juzi nilimpitia. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mkono wa kushoto umeshastaafu, unalala mapajani kama paka. Anaandika kwa kijiti kimoja.

"Leo ngapi, mama?"

"Mia nane. Na mia tano nilishakula."

Benchi lilikuwa na watu watatu, watatu, wamelowa. Nikasimama mlangoni pangu pa siku zote, na kwa kuwa mtu anapoona mkono umelala anaogopa kuchelewa, nikauliza.

"Mama, ile ya makala. Umenisamehe?"

Kijiti kilikuwa kimeinuka. Akakishusha.

"Papa Mara-Mbili, umeniuliza hii neno mara ngapi?"

"Tangu ulipofungua tena kibanda? Mara kumi na tisa. Na ya leo, ishirini."

"Mara zote nilikujibu."

"Hukunijibu, mama. Ulinigongea klavye."

Benchi likaanza kucheka. Akaliinulia kijiti, likanyamaza nusu.

"Kuya huku. Ingia nyuma. Keti kwa kiti yangu."

Akainuka. Akainuka yeye, mwenye maungo yale, asubuhi ya mvua! Nikaketi. Kiti kilikuwa cha moto.

"Sasa usihesabu. Soma."

Akainama juu ya bega langu, akagonga x, akagonga kitufe cha nafasi. To. To. Ekra ikaandika:

Nimekusamehe. Usiulize mara ya pili.

Nilisoma. Kwa mara ya kwanza nilisoma kabla ya kuhesabu.

"Uliiweka lini?"

"Siku ulienda kula maharagwe."

"Na mikono imevimba vile?"

"Ningengoja ipone, ungekuwa umeuliza mara mia. Nilikujua. Njo maana nilikupa herufi moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Iko mu orodha! Ulipitisha kidole juu yake. Ulihesabu, haukusoma. Siye wote tunaisoma kila mara unasimama pale kwa mulango." Benchi likapasuka kabisa, mmoja aligonga ukuta kwa ngumi, mbao zikatoa vumbi la miaka.

Basi ndiye huyo, wa mia tatu na kumi na mbili. Nilitaka kusema neno kubwa, neno la mtu mzima. Badala yake macho yalinirudi kwenye ekra, nikaanza, Mungu anisamehe. Alama na nafasi, thelathini na sita. Herufi kubwa mbili, kila moja imeongeza pigo. Na nukta. Nilisimama hapo. Nukta mbili, kwenye maneno matano, kutoka kwa mama ambaye barua ya gavana aliimaliza kwa moja. Vitufe viwili kila moja, na mikono imevimba kama mikate. Arobaini. Nikahesabu tena. Arobaini.

Nikamgeukia, nikafungua mdomo.

Kijiti kilikuwa tayari juu ya x.